Ukucha

Pikapu ya Hokororo ilifika gereji asubuhi ya ukungu,
ukungu ule wa Newala unaoingia mpaka ndani ya viatu,
ikivuta kushoto kama mbuzi aliyeona kunde.
Rimu ya kushoto ilikuwa moto. Somoe akaidondoshea tone la maji;
likachemka, likaisha.
"Breki hii," akasema, "inashika hata usipoiambia."

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kunyamaza.
Niliweza moja.

Pedi ya ndani imelika hadi bati,
ya nje bado nene kama mkate wa kumimina.
Nikauliza: hiyo pistoni inafanya nini hasa?
Akaelekeza spana kwenye dumu letu la maji,
yaliyopanda mlima kwa mashine, kisha kwa kichwa changu.
"Haya unayajua kwa shingo.
Utayamwaga, utayauza, utaibiwa.
Kuyabana yapungue, huwezi.
Mafuta ya breki ni hivyohivyo.
Mguu ukikanyaga hayana pa kujificha,
yanakimbia kwenye bomba jembamba
hadi mgongoni mwa pistoni, yaisukume.
Nayo, kikombe tu cha chuma, inaisukuma pedi,
pedi inaikaba diski,
na gunia kumi na mbili za korosho zinasimama
kwa ajili ya mguu mmoja wenye ndala."

Na mguu ukiondoka, nani anairudisha?

Hapo alicheka. Akachokoa kwa kijiti pete ya mpira,
nyembamba, yenye kona nne.
"Huyu. Pistoni ikitoka anajipinda nayo, haachii.
Mguu ukiinuka anajinyoosha,
anairudisha unene wa karatasi ya sigara.
Springi hakuna.
Ni mpira tu, unaokumbuka ulivyokuwa."

Ya kushoto ilikataa kutoka.
Tukaweka kipande cha mbao, tukapuliza kwa kompresa.
"Vidole nje! Chitanda wa Kitangari anavyo vinane."
Ikaruka na kishindo, nyuma yake uji wa kahawia.

Hokororo mlangoni, funguo zinalia mkononi.
Ghala la Masasi linafunga kupokea kesho.
"Pigeni msasa tu. Itang'aa."

Somoe hakubishana.
Aliushika mkono wake, kidole cha shahada,
akautembeza ukucha juu ya chuma,
polepole.
Ukakwama.
Ukateleza, ukakwama tena.
"Umesikia? Kila kishimo ni mlango, na msasa unaupanua.
Mafuta yatoke, vumbi liingie,
wewe uko kwenye kona za mteremko, unakanyaga,
unakanyaga, unakutana na sakafu."

Nimemwona akizisamehe nyingine:
yenye uchafu tu, akaiosha;
yenye doa lisiloshika ukucha, akairudisha na mpira mpya.
Hii ilikuwa imebanduka ngozi.
Miaka saba ilibeba magunia kwenye mashamba ya chumvi Mikindani
kabla gari halijapakwa samawati na kuuzwa kama la juzi.
Rangi haikufika huku ndani.

"Na ya kulia?" Hokororo aliuliza, sauti imeshuka.
"Mapacha hao. Wamekula chumvi nyingi pamoja.
Nunua mbili."

Spea zilikuja na basi la Mtwara, siku mbili,
na siku mbili hizo hakutusalimia.
Kisha tukatoa upepo: mimi ndani, yeye chini ya gari.
Kanyaga. Shika. Achia.
Kanyaga. Shika.
Mpaka pedali ikawa ngumu kama neno la mama mkwe.

Alilipa nusu. Nusu nyingine, alisema, ghala likifunguliwa tena.
Akaondoka bila kupunga mkono.
Tulisimama barabarani tukisikiliza:
kona ya kwanza, injini ikashuka sauti.
Ya pili.
Ya tatu, ambayo huwa tunaihesabu mara mbili.
Kisha kuku, na mtu anayetwanga.

Somoe akanigeukia,
akaniambia nizime tochi.
Jua lilikuwa limetoka kitambo,
nami nilikuwa bado nimeiwasha.